Karatasi ya Walio Hai

Safari ya Yerusalemu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenzangu wa kazini, kijana wa kabila la Wabari aliyesomea kilimo Kenya akarudi kwao Juba baada ya mkataba wa amani. Sisi wawili tuliendesha mradi mdogo wa bustani za mboga ukingoni mwa Nile. Ofisi yetu ilikuwa makontena mawili yaliyounganishwa huko Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, na kila ndege iliposhuka tulinyamaza katikati ya maneno tukasubiri ipite. Ulipokuja mwaliko wa kupeleka mtu mmoja kwenye mafunzo ya wiki tatu ya umwagiliaji wa matone huko Israeli, hatukuwa na la kujadili. Yeye ndiye mwenyeji, na yeye ndiye angebaki na bustani sisi wageni tukishafunga virago. Fomu zake nilizijaza mimi, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa wa kuku.

Siku aliyokwenda kufuatilia visa alirudi akaketi bila kuvua kofia. Wakati ule Kusini haikuwa nchi bado. Pasipoti yake ilikuwa ya Sudan, na ndani yake yamechapwa maneno kwamba inatumika nchi zote isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyomwalika. Tulikuwa tumeishika mkononi wiki nzima tukinakili namba zake, na hakuna kati yetu aliyesoma ule mstari. Alinisukumia karatasi zote juu ya meza.

"Nenda wewe, dada," alisema. "Matone ni matone."

Nilijua si matone yaliyomuuma. Alikuwa ameshamwambia mama yake kwamba anakwenda Yerusalemu.

Mama yake ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wangu. Alinipangisha chumba kimoja cha matofali katika kiwanja chao Juba Na Bari, mtaa wa zamani ulio karibu na mto, ambako majirani walikuwa bado wale wale wa kabla ya vita, au waliobaki kati yao. Mwanawe alilala chumba cha pili, yeye mwenyewe cha tatu, na katikati kulikuwa na rakuba, kile kivuli cha miti na matete ambacho kila nyumba ya Juba inacho, ndiko tulikopikia na kula na kungoja joto lipungue. Alikuwa mama mrefu, mkavu, wa maneno machache. Kiswahili chake alikiokota kwa kuwauzia chai mafundi wa Uganda waliomiminika kujenga mji baada ya amani, kwa hiyo alikisema kama wao, bila kujali ngeli, na mimi niliyekulia Taveta na kusahihishwa na kila mwalimu nilikizoea mpaka nikawa namjibu vivyo hivyo.

Habari ya mumewe niliipata kwa vipande. Alikuwa karani wa bandari ya mto. Wakati wa vita, mji ukiwa umezingirwa, gari lilisimama nje ya nyumba adhuhuri moja, wakashuka watu watatu wakamwambia kuna maswali machache. Alivaa viatu, akaenda nao. Mama alinionyesha siku moja mahali gari liliposimama, pale penye kioski cha Msomali wa kuuza kadi za simu sasa, akasema tu, "Pale," kisha akaendelea kufagia. Mwana hakuwepo siku hiyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, tayari yuko kambini kaskazini mwa Kenya pamoja na watoto wengine waliotoroshwa, na habari zilimfikia baada ya miaka miwili kwa barua ya mkono iliyopita kwa watu wanne.

Hadi siku ya safari ile sikuwahi kuwasikia mama na mwana wakimtaja marehemu wao kwa wao. Nasema marehemu sasa. Wakati ule sikuwa na neno la kumwitia, wala wao hawakuwa nalo. Koti lake la kazi lilitundikwa ukutani chumbani mwa mama, likipigwa pasi kila Pasaka. Hapakuwahi kufanyika matanga. Majirani walipokuwa na bika, yaani kilio chao cha siku tatu, mama alikwenda na kukaa mkekani na wenzake, akarudi na kunawa miguu, basi.

Ilipojulikana kwamba mimi ndiye ninayekwenda, wanawake wa kanisani kwao walianza kuja na maagizo. Huyu alitaka rozari, yule mafuta ya zeituni, mwingine maji ya Yordani kwa ajili ya mjukuu mwenye kifafa. Mama aliwakaribisha wote, akawapa chai, wala hakuniagiza kitu. Nilidhani amekasirika kwamba nafasi ya mwanawe nimeichukua mimi. Mpaka asubuhi ya siku ya kuondoka, nikiwa nafunga begi, akaingia chumbani mwangu, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kufanya, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Binti yangu," alisema, "mimi iko na kazi moja ya wewe."

Alinipa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na jina moja tu, jina la ubatizo la mumewe, lililoandikwa na mkono wa mtu asiyezoea kalamu. Sitalitaja hapa. Alisema wale wa kanisani wamemwambia kwamba pale penye kaburi la Yesu watu hutoa majina, na majina yanasomwa. Alitaka jina hilo lisomwe.

Nikamuuliza niseme nini kuhusu jina hilo. Nilikuwa na maana ya kuuliza ni sala gani anayoitaka.

"Wewe utaona kule," alisema.

Kijana alinipeleka uwanjani kwa pikipiki ya ofisi. Njiani alinikumbusha mara mbili nisikubali Waisraeli wanigongee muhuri wao kwenye pasipoti, niombe waugonge kwenye karatasi ya pembeni, kwa sababu uwanja wa Juba bado ulikuwa na maafisa wa Khartoum na wangeweza kunirudisha. Habari ya jina la baba yake hakuigusa. Sikujua kama anajua nimelibeba. Nami sikumwambia.

Wiki mbili za kwanza tulikaa mashambani, karibu na pwani, watu ishirini na kitu kutoka Afrika na Asia, tukijifunza kutoboa mipira ya kumwagilia na kupima mgandamizo wa maji. Kila nilipomwona mkufunzi akibonyeza udongo kwa kidole gumba nilimwona mwenzangu akiwa mahali pangu, akiuliza maswali ambayo mimi sikuwa na akili ya kuyauliza. Niliandika kila kitu. Nilijaza madaftari matatu kama mtu anayelipa faini.

Yerusalemu tulipelekwa Ijumaa ya wiki ya tatu, kwa basi, siku moja tu. Nilikuwa nimeusikia mji huo tangu nikiwa tumboni, naweza kusema. Bibi yangu aliuimba akichambua maharage. Nilidhani nikiuona kitu kitanishika. Basi lilipopanda mlima na mwongoza watalii akachukua kipaza sauti, Wafilipino walianza kulia, na mwanamume mmoja wa Malawi aliyekaa mbele yangu akavua miwani. Mimi niliona nyumba za mawe juu ya vilima, rangi moja zote, na foleni ya magari.

Ndani ya kuta njia zilikuwa nyembamba, mawe yake yameng'arishwa na miguu mpaka yanateleza. Tulipita mahali walipodai Yesu alianguka na msalaba mara ya kwanza, na pembeni yake duka la viatu vya mpira. Tulipita mahali pa mara ya pili, na pembeni yake mtu anauza mataji ya miiba yaliyofungwa kwa plastiki, makubwa na madogo. Kila baada ya hatua chache walisimama askari vijana, wavulana kwa wasichana, bunduki zimening'inia mbele. Ilikuwa siku ya sala ya Waislamu, na kwenye kichochoro kimoja wazee wa kanzu walikuwa wamezuiwa wakisubiri kuruhusiwa kupita, kimya, mikeka kwapani. Mwongozaji alitufanya tupite haraka. Mimi nilitoka Juba, mji ambao huwezi kwenda kununua nyanya bila kupishana na bunduki, na ule mtazamo wa wale wazee niliujua, wa mtu anayeangalia ukuta ili asimwangalie askari.

Tulipewa saa mbili za kutembea kila mtu kivyake. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kanisa la kaburi.

Lilikuwa giza, lenye moshi wa mishumaa na uvumba, na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Mlangoni palikuwa na jiwe lililolala ambalo wasema mwili ulipakwa mafuta juu yake, na wanawake wamepiga magoti wakilisugua kwa vitambaa, mashuka, hata nguo za watoto. Kwenye kaburi lenyewe foleni ilizunguka mara mbili na mtawa mmoja alikuwa akiwaharakisha watu kwa kupiga makofi. Sikuwa na muda wa foleni. Nilimuuliza mlinzi majina yanatolewa wapi, akanionyesha meza iliyo karibu na nguzo, na nyuma yake mtawa mzee mwenye ndevu za kijivu na miwani iliyofungwa uzi.

Mbele yangu alikuwepo mama mmoja mnene wa kizungu, amejifunga kitambaa kichwani, akiandika jina baada ya jina, midomo ikimtembea. Nilimsubiri. Alipoondoka nilifungua kile kikaratasi cha Juba nikakiweka mezani. Mtawa alikisoma, akatikisa kichwa, akanirudishia. Kisha akanisogezea mafungu mawili ya karatasi zao wenyewe. Fungu moja lilikuwa na msalaba mwekundu juu, jingine msalaba mweusi. Alikuwa na Kiingereza cha maneno machache. Aliweka kidole kwenye nyekundu akasema, "Hai." Akaweka kwenye nyeusi akasema, "Marehemu." Kisha akaninyooshea kalamu.

Nyuma yangu watu walianza kujipanga. Nilifikiri labda nimuulize kama kuna karatasi ya tatu. Nilijua vizuri, kama kila mtu wa Juba alivyojua, kwamba watu waliochukuliwa na magari yale hawakurudi, na kwamba miaka imepita mingi mno. Nikashika kalamu kuandika kwenye nyeusi. Nikaliona lile koti lililopigwa pasi. Nikajiuliza mimi ni nani, mpangaji, mgeni, mtu wa kulipa kodi ya chumba, kumuua mume wa mtu kwa kalamu katika mji wa mbali huku mkewe yuko jikoni anachekecha unga. Mtawa akakohoa. Nikaandika kwenye nyekundu.

Alilipokea, akalisoma kwa sauti ndogo kujihakikishia namna ya kulitamka, akaliweka juu ya rundo. Niliwasha mshumaa na kuuchomeka kwenye mchanga pamoja na mingine. Kabla sijafika mlangoni niligeuka nikaona mhudumu anaikusanya mishumaa iliyokwisha nusu na kuitupa ndooni ili kupata nafasi ya mipya.

Ngazi nyembamba ilinipeleka juu ya paa la kanisa. Huko, sikuamini macho yangu, kulikuwa na vijumba vya udongo vyenye milango ya kijani, na watawa Waethiopia wamekaa vizingitini. Mtawa mmoja mwanamke, mweusi kama mimi, aliniona nimesimama juani akanisogezea kigoda, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Tulizungumza Kiingereza kibovu sote wawili. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Juba, akasema anaijua, watu wake walipita huko zamani wakikimbia. Kisha akaniuliza ni nani amenifia.

Nilimwambia hakuna aliyenifia. Alinitazama uso kama mtu aliyeambiwa uongo na mtoto, akachukua kikombe chake akaingia ndani. Nilikaa kwenye kile kigoda mpaka saa zangu zikaisha, nikashuka kuwatafuta wenzangu. Rozari nilizinunua kwa haraka, bila kuchagua.

Nilifika Juba Jumatatu. Ile karatasi ya muhuri wa pembeni niliichana chooni uwanjani Addis. Afisa wa Juba hakufungua hata ukurasa wa pili. Nyumbani nilimkuta mama chini ya rakuba anachambua kudra, ile mboga ya kuteleza wanayoila na asida, ugali wao. Alinipokea begi, akanipa maji, akaniuliza habari za safari kama adabu inavyotaka, na mimi nikajibu njema. Kisha akarudi kwenye mboga yake na kungoja.

Nilimweleza habari ya meza na karatasi mbili. Nilipofika penyewe nilisema kwa sauti ya mtu anayeleta zawadi kwamba nimeliandika jina kwenye karatasi ya walio hai.

Mikono yake ilisimama. Halafu ikaendelea.

"Basi," alisema. "Asante."

Wiki nzima hakunisemesha zaidi ya salamu. Hakunikasirikia, alinipakulia chakula kama kawaida, ila alikuwa kama mtu aliyerudi kutoka hospitali na majibu yasiyosomeka. Jumapili baada ya kanisa nilimfuata alipokuwa anaanika nguo, nikamwambia kama nimekosa anisamehe, na kama nimekosa aniambie wapi.

Alitundika shuka lote kabla ya kunijibu.

"Kule ni mbali," alisema. "Kule hakuna mtu anajua sisi. Mimi ilifikiri kule wewe itaandika amekufa. Mimi iko hapa miaka mingi, nangoja mtu moja aseme. Hakuna mtu anasema. Mimi hapana weza kusema, kijana itasikia vibaya. Yeye iko na tumaini."

Nilisimama pale na ndoo ya vibanio.

Nilipaswa kunyamaza, labda. Mpaka leo sijaamua. Lakini Jumatatu, ndani ya kontena, tukiwa tunapanga vifaa vya matone nilivyorudi navyo, nilimwambia mwanawe kila kitu, kuanzia kile kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alikuwa ameshika mpira mkononi. Ndege ikashuka, akangoja ipite.

"Mimi nilijua tangu nikiwa kambini," alisema. "Tulikuwa na mwalimu aliyetoka Juba, aliniambia wazi. Nilivyorudi nikamkuta Mama anapiga koti pasi. Ningemwambia nini?"

Aliweka mpira chini, akachukua ufunguo wa pikipiki akaenda nyumbani saa nne ya asubuhi. Niliporudi jioni niliwakuta chumbani mwa mama, mlango umefungwa, wakizungumza Kibari polepole. Sikuelewa neno. Baadaye nilisikia kilio kilichoanza chini kikapanda, na kilikuwa cha mwanamume. Cha mama sikukisikia kabisa.

Walifanya bika wiki iliyofuata. Mikeka ilitandikwa mpaka nje ya uzio, wanawake walilala kwetu siku tatu, masufuria yakakopwa kwa majirani. Hapakuwa na mwili wala kaburi, kwa hiyo waliliweka lile koti juu ya kiti na watu walipoingia walikishika kiti mgongo. Wazee wawili waliofanya kazi naye bandarini walisimama wakasimulia habari zake, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa mcheshi, kwamba alimwigiza bosi wake Mwarabu mpaka watu wakaanguka, kwamba aliogopa maji ingawa alifanya kazi mtoni. Mama aliwasikiliza akiwa amekaa wima. Mara moja alicheka. Nilijipa moyo kwamba hatimaye mema yametokea.

Siku ya tatu alikuja mdogo wa marehemu. Sikuwa nimewahi kumwona. Miaka yote ya vita alikuwa Khartoum na biashara zake, na amani ilipokuja alihamia upande wa Bilpam kwa jamaa aliye jeshini. Alikuwa mtu wa sauti ya upole. Alilia vizuri, alisalimia kila mtu, akakaa mpaka wageni walipoanza kukunja mikeka. Kisha aliwaita mama na kijana pembeni akawaambia kwamba kaka yake alipokuwa hai, au alipodhaniwa hai, hakutaka kugusa nyumba yake. Sasa wamemzika. Kiwanja ni cha ukoo, naye ndiye mkubwa aliyebaki.

Wakati ule viwanja vya Juba Na Bari vilikuwa vikitafutwa kwa tochi. Watu wa hoteli walikuwa wakipita na ramani. Kijana alipinga, wakaenda mbele ya chifu, wakaenda ofisi ya ardhi, ambako hati ilikuwa na jina la marehemu peke yake, na faili lake halikuonekana. Shauri lilikula miezi mitano. Mwishoni wazee waliamua kwamba mama apewe mabati na milango ya nyumba, na kijana kwa kuwa ana mshahara ajenge pengine. Shemeji alishukuru kila mmoja kwa jina.

Nilimsaidia mama kufunga vyombo. Nilikuwa nimeibeba hatia ile kwa miezi, na siku hiyo nilishindwa nayo. Nilimwambia kwamba kama ningekaa kimya, kama nisingemwambia kijana, wangekuwa bado na nyumba yao.

Alikuwa anafunga sufuria kwa kanga. Alisema shemeji yake alikuja mwaka ule ule wa amani, kabla mimi sijafika Juba, akamuuliza kwa upole lini watafanya bika ya kaka. Hakuniangalia aliposema hivyo.

"Mimi ilijua," alisema. "Wewe unafikiri mimi hapana jua?"

Walihamia Gudele, nje ya mji, kwenye kiwanja kisicho na mti hata mmoja, chumba kimoja cha mabati yale yale. Mimi nilihamia Thongpiny, kwenye hema lenye feni ndani ya uzio wa hoteli. Mradi wa matone ulifanya kazi msimu mmoja. Msimu wa pili mto ulipanda ukaichukua mipira yote, na wafadhili hawakuleta mingine. Kijana alipata kazi wizarani. Tulionana mara chache, na tulipoonana tuliongea habari za kazi.

Mkataba wangu uliisha miezi michache kabla ya kura ya kuamua kama Kusini ijitenge. Mji mzima ulikuwa unaimba. Nilipanda bodaboda ya Mganda mpaka Gudele kumuaga mama. Nilimkuta amelala mchana, kitu ambacho hakuwa akifanya, malaria imemshika mara ya tatu tangu wahamie, na joto la mabati likiwa la kumkaanga mtu. Alikuwa amepungua sana. Lile koti sikuliona ukutani na sikuuliza. Nilimpa maji, nikamfuta uso, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Hakuniuliza habari za kura wala za safari yangu ya Kenya. Alitaka kujua kule Yerusalemu wanawake wazee wanafanya kazi gani.

Nilimwambia kwamba kwenye lango moja la mji niliwaona wamekaa chini kwenye ngazi za mawe, wamevaa magauni meusi yaliyodariziwa kifuani, wanauza mboga. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote habari hiyo, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuisahau.

"Mboga gani?"

Nilimwambia nanaa, na majani ya mzabibu yaliyopangwa kwa mafungu. Wanayachemsha, wanafungia wali ndani yake.

Alifikiri kidogo. Alisema hayo majani lazima ni machungu, na kwamba yeye angeyatia karanga. Nikamwambia hata mimi. Kisha usingizi ukamchukua. Dereva wa boda alikuwa ananiita nje, mvua inakuja na barabara ya Gudele ikilowa haipitiki. Nilimfunika miguu nikatoka.